Msiba Ulionikuta kwenye Basi la Watalii

Mpaka leo sijui aliyepanga ile safari alikuwa anawaza nini. Binti yangu anasema ni mume wake, mume anasema ni binti yangu, na mimi nimechoka kuuliza. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja ya mwezi wa tano, mimi mwanamke wa Viwanja Sitini, Ifakara, nilivalishwa koti zito kama godoro, nikapakiwa kwenye basi la watalii huko Norwei, eti nikaangalie maji yanavyoporomoka. Maji! Sisi mwezi wa tano maji tunayatoa ndani kwa ndoo.

Nilikuwa nimekwenda kumwuguza mwanangu uzazi. Binti akijifungua mama yake anatakiwa awepo, na kule hana hata shangazi. Mume wangu alikuwa na presha, miguu inamvimba, nikasita kuondoka. Akanifokea. "Nenda ukamwone mjukuu wetu. Mimi nakimbilia wapi?" Basi nikaenda. Nikamkanda mwanangu, nikamwogesha mtoto, nikala viazi mpaka nikavichukia.

Basi lenyewe lilikuwa zuri, sikatai. Abiria karibu wote walikuwa wazee wa kizungu, kila mmoja na chupa yake ya chai. Mbele alikaa dada mmoja mwenye kipaza sauti, ndiye anayeongoza wageni, na kila tukikata kona alikuwa na la kuwachekesha. Mtoto tulimwacha na baba yake. Binti yangu alikaa pembeni yangu anitafsirie.

Nilitazama nje. Theluji juu ya milima, kondoo chini, nyumba nyekundu, na barabarani hakuna mtu. Nikamuuliza binti yangu, "Hawa watu wamejificha wapi?" Akasema, "Ndiyo, mama." Nikageuka kumwangalia. Swali langu halikuwa la kujibiwa ndiyo.

Sasa, huyu mtoto tangu alipojua kusema hajawahi kuniacha nimalize maneno bila kunibishia. Siku ile kila nililosema alikubali. Nikisema baridi yao ya kijinga, ndiyo mama. Nikisema chai yao haina ladha, kweli mama. Macho yamemvimba, anasema ni mafua. Halafu nikakumbuka simu yangu. Mkwe wangu alikuwa ameichukua tangu jana yake, eti anaitengeneza, na wala haikuwa imeharibika.

Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo haraka. Anapanda gari, anafika kwenye kona ya nyumbani, anaona turubai na wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi, ndipo anajua. Tunaona hiyo ndiyo huruma. Mimi walinifanyia hivyo kwa kaka yangu. Nilitoka kijijini Masagati na ndizi za mgonjwa, nikafika nazo matangani. Kwa hiyo dalili hizo nazijua.

Nikafungua mfuko alionifungashia, natafuta leso. Juu kabisa zilikuwepo khanga zangu, doti nzima, zimekunjwa vizuri. Nani anabeba khanga kwenda kwenye theluji? 

"Ni baba yako?" nikamuuliza.

"Mama, tukifika tutakula kwanza."

"Sijakuuliza chakula. Ni baba yako?"

Wakati huohuo yule dada alikuwa anapita kati ya viti na kipaza sauti chake, anawauliza watu wametoka nchi gani. Akatufikia. Binti yangu akajibu kwa sauti ndogo, Tanzania. Yule dada akapaza sauti akasema jambo, na basi zima likageuka likatupigia makofi. Mimi ndiye niliyekuwa nimetoka mbali kuliko wote. Bibi mmoja wa kiti cha mbele akaniinulia dole gumba. Wao wanapiga makofi, binti yangu ameinamisha kichwa machozi yanamdondoka mapajani, na hapo nikawa nimejibiwa.

Alikuwa amefia usingizini, usiku wa kuamkia jana yake. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeamuru nisiambiwe mpaka maziko yapite, nisije nikaanguka ugenini. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa imeshakatwa, ya kesho yake. Na binti yangu na mumewe waliogopa nikibaki nyumbani nitasikia simu za watu wanaotoa pole, ndiyo maana wakanipandisha basi.

"Wanazika saa ngapi?"

"Saa tisa ya kule, mama. Huku itakuwa saa nane."

Ilikuwa haijafika hata saa sita. Nikamwambia ampigie baba yake mdogo sasa hivi. Kuwahi kule nisingeweza, hilo nilijua. Nilitaka kitu kimoja tu, wamfunue nimwone uso kabla hawajapigilia misumari. Wanaume wa kwetu wanakwambia ukimwona marehemu usoni unalala. Usipomwona, hulali. Lakini tulikuwa milimani, mtandao unakuja na kukatika, na binti yangu anapiga, anapiga.

Simu ilipatikana tuliposhuka kwenye maporomoko. Mlio wa yale maji ulikuwa mkubwa ikabidi turudi kwenye maegesho ya magari. Uso wa shemeji ukatokea kwenye kioo, amelowa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mfunue nimwone."

Akajifuta maji usoni kwa kiganja. 

"Shemeji, tumeshamaliza," akasema. "Kaburi lilikuwa linajaa maji. Tunachota, yanarudi. Wingu likaja upande wa mto Lumemo, tukaona tusipowahi litabomoka."

Akaigeuza simu. Nikaona tuta la tope jeusi, majembe, mwamvuli wa mtu, na msalaba umeinama kidogo kwa sababu udongo haukuwa na nguvu ya kuushika.

"Mmemlaza kwenye maji?"

"Tuliyachota, shemeji."

"Nimekuuliza, mmemlaza kwenye maji?"

 Nilisikia tu mvua inapiga kule kwao.

Nikajifunga khanga moja kiunoni, nyingine nikaitandika kwenye lami, nikakaa nikanyoosha miguu, nikalia. Nililia kwa sauti yangu yote, kwa Kipogoro, kama ambavyo ningelia uani kwangu. Ningelia hivyo stendi ya Ifakara, wanawake nisiowajua wangeshaacha mabeseni yao ya vitumbua wakaja kunishika mikono. Wale abiria walirudi nyuma. Walisimama mbali, wakageukia maji, wengine wakaingia ndani ya basi taratibu. Binti yangu aliniambia baadaye kwamba kule ndiyo heshima, kumpa mtu nafasi. Heshima gani hiyo jamani, ya kumwacha mtu chini peke yake?

Yule dada alikuja akachuchumaa, akanipa karatasi za kufutia machozi, akanong'ona na binti yangu. Nilimwona anatazama saa. Basi lilikuwa na vituo viwili mbele na halikuwa na njia ya kugeuka, ndivyo alivyosema. Wakanishika, nikapanda. Yule dada akaweka kipaza sauti pembeni. Halafu akaanza kidogokidogo, na mwishoni watu walikuwa wanacheka tena. Ndiyo kazi yake, simlaumu.

"Nilitaka upate japo asubuhi moja nzuri, mama," binti yangu akasema.

"Asubuhi mimi nilikuwa mjane," nikamwambia, "na wewe unanionyesha kondoo."



Nilifika Ifakara matanga hayajaanuliwa, walikuwa wananisubiri. Kwetu mfiwa mkuu, yule mke, anakaa ndani kwenye mkeka, ameegemea ukuta, na kila anayeingia anapiga magoti mbele yake kumpa mkono wa pole. Mahali pale hapaachwi tupu. Nikaingia na tope langu la safari, nikitegemea kwenda kukaa. Wifi yangu, dada yake marehemu, ndiye aliyekuwa pale, kichwa amefunga kaniki, sauti imemkauka kwa kulia siku zote ambazo mimi sikuwepo. Alinitazama muda mrefu. Kisha akasogea kidogo, hakuinuka, akapapasa pembeni ya mkeka akinionyesha pa kukaa, pale wanapokaa wanawake waliokuja kutoa pole.