Mtoto Aliyefukua Maharage

Binti yangu alikuwa na miaka miwili na kidogo alipoanza kufukua maharage yangu. Mimi napanda mbele, yeye nyuma anakwangua udongo, anatoa mbegu moja moja. Ukimshika, anakuuma. Weee, aliuma yule mtoto! Juru nzima, upande wetu wa kambi ya wakimbizi, ilimjua kwa meno yake.

Mama mkwe wangu, ambaye mtoto alimwita Tate, alikuwa amefariki kabla tu ya mvua. Ndiye aliyembeba mgongoni tangu azaliwe, mimi nikilima. Siku ya maziko mtoto aliona yote. Tukasema, huyu mdogo, anajua nini?

Majirani wakaniambia, "Mama, huyu mutoto iko na pepo. Bamuombee." Nikawajibu pepo wako midomoni mwao. Lakini niliogopa, kwa sababu wifi yangu aliyekuwa akifanya kazi Nyamitanga, kule Mbarara, alituma habari kwamba anakuja kumchukua, mimi nimeshindwa kulea. Na mume wangu alishakubali.

Siku moja, badala ya kumkaripia, nikamtazama tu. Alitoa mbegu, akaifuta kwa gauni lake, akaipuliza vumbi, akaiweka juani. Yesu wangu, alikuwa anaziokoa!

Nikapanda mbegu chache karibu na jiko. "Tunamwagilia maji, tunangoja," nikamwambia. "Zitatoka zenyewe." Zilipochipua alipiga vigelegele mpaka jirani akatoka mbio kuuliza kuna nini. Tangu hapo hakufukua hata moja, wala hakumuuma mtu. Mimi nikaona tumepona.

Wifi alipofika na begi la kubebea nguo za mtoto, mtoto hayupo. Tukamtafuta huku na huku, tukamkuta makaburini, ng'ambo ya shamba letu, amekaa kando ya kaburi la Tate. Udongo wa kaburi ulikuwa umelowa. Kikombe chake alikuwa amekishika, kitupu.

"Njoo, mama, twende nyumbani," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Ngoja," akasema.

Nimesali tangu utoto wangu kule Kivu, na sijawahi kuona imani ya namna ile. Wifi yangu, ambaye hakuwahi maziko ya mama yake, akavua viatu vyake vya mjini, akakaa chini karibu na mtoto, akangoja naye mpaka jua likazama. Kesho yake alirudi Mbarara peke yake.