Sekunde Sita za Mama Akicheza

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye hoteli moja ya hapa Kitale, nikingoja chapati na maharagwe, wakati mwenye hoteli alipoamua kutuwekea nyimbo za zamani kwenye televisheni. Za zamani, kwake yeye, ni zile za mwaka elfu mbili na kidogo. Nilitaka kumkasirikia, kisha nikahesabu miaka, nikamsamehe. Unazijua nyimbo zenyewe, usijifanye. Vijana wamevaa suruali zinazotosha watu wawili, miwani ya jua ndani ya nyumba, na lazima kuna gari moja la kuazima ambalo kila mtu analiegemea na hakuna anayeliendesha. Tulicheka, mimi na watu wa meza yangu ambao hata siwajui. Halafu ukaja wimbo mmoja ambao haukuvuma sana, na katikati yake nikamwona mama yangu.

Chapati ililetwa ikapoa. Nilimwomba mwenye hoteli anitafutie wimbo ule kwenye simu yangu, na nikauangalia pale pale mara nne. Mama anaonekana kwa sekunde sita.

Nilikulia nje kidogo ya Kimilili, upande wa Bungoma, na nyumbani kwetu muziki ulikuwa ni redio ya kaseti tu. Kaseti ikilegea tunairudisha kwa kalamu, betri zikiisha nguvu tunazianika juani pamoja na mahindi. Nilikuwa na daftari la nyimbo kama kila msichana wa darasa langu. Unasikiliza mstari mmoja, unaandika mbio, wimbo unakupita, unangoja wiki nzima uchezwe tena ndipo upate mstari wa pili. Maneno mengine niliyaandika vile nilivyoyasikia, bila kuyaelewa, na mpaka leo naimba hivyo hivyo kwa ujasiri.

Mwaka wa wimbo ule, kijana mmoja wa kwetu, aliyekuwa amehamia Nairobi, alirudi na wenzake wawili na kamera ya kubeba begani. Wimbo wake ulikuwa wa Sheng mwanzo hadi mwisho, ila kiitikio kilikuwa na mdundo wa kamabeka, ngoma yetu ya kutikisa mabega, na alitaka akina mama wa kuicheza. Ilikuwa Alhamisi. Akina mama wa kanisa walikuwa wanatoka kwenye ibada yao, magauni ya kila rangi na kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, na aliwaahidi soda na mkate. Wale wengine walifungua vitambaa upesi wakavificha kwenye vikapu. Mama yangu alikataa.

"Mimi sina kitu ya kuficha," alisema, akanyanyua kifua.

Na akacheza. Alikuwa mtu wa kucheza, mama yangu. Akipepeta maharagwe mabega yanacheza, akikoroga uji yanacheza, hata akitugombeza ungeona bega moja limeanza safari yake. Nilisimama kando ya barabara nikiwa na fahari ambayo haikudumu.

Video ilipotoka, wazee wa kanisa walimwita. Wenzake hawakuitwa, kwa kuwa vichwa vyao havikuwa na alama ya kanisa. Mama alinyang'anywa kitambaa, akaambiwa akae benchi ya nyuma mpaka waone amejirudi. Kijijini yakawa ndiyo mazungumzo ya kisimani na ya kinu cha kusaga mahindi.

Televisheni ya karibu ilikuwa ya mwalimu jirani yetu, nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Jumapili mchana tulinawa miguu, tukaketi sakafuni, na mke wa mwalimu akatupa mushenye, vile viazi vitamu vilivyopondwa na maharagwe, kila mtu kiganjani. Mmoja wetu alikuwa nje akizungusha mti wa antena huku sisi tukipiga kelele, "Hapo! Hapo hapo! Ah, umeharibu, bana!" Jumapili moja wimbo ule ukachezwa. Mama akatokea, kitambaa cheupe, mabega yakienda, kidevu juu.

"Wii! Si huyo ni mamako?" mmoja akaniuliza.

Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

"Ati huyo? Huyo si mama yangu," nikasema. "Ni mtu tu anafanana naye."

Walicheka, na mimi nikacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote. Sikumwambia mtu yeyote jambo hilo, hata mume wangu. Nililifungia ndani nikijua kwamba mama hakulisikia, na hilo ndilo lililonipa usingizi.

Baada ya mwaka huo mama hakucheza tena. Harusi, sherehe za tohara za Agosti, hata siku dada yangu alipojifungua mapacha, mama alikuwa jikoni au ameketi mikono mapajani. Mabega yalikuwa kimya hata wakati wa kupepeta. Nilijua wa kulaumiwa ni nani. Nilipokua nililihama kanisa lile, na kila nilipopata wa kunisikiliza nilimweleza jinsi wazee wale walivyomzima mama yangu. Nimeisimulia hadithi hiyo vizuri, na kwa hasira, zaidi ya miaka ishirini.

Jumapili, siku moja baada ya ile chapati, nilikwenda nyumbani. Nilimkuta mama amekaa uani akilinda mahindi dhidi ya kuku. Nikakaa karibu naye, nikampa simu.

Kwanza hakujitafuta. Alikuwa akiwatafuta wengine. "Huyu si ni yule jirani alikuwa anauza omena? Alikufa. Na huyu naye, uui, angalia, alikuwa na meno yake yote. Alikufa pia." Kisha sekunde sita zikafika. Wimbo ukaisha, naye bado anatazama kioo.

"Mama," nikasema, "wale wazee wa kanisa walikukosea sana."

"Wazee gani?"

"Wale waliochukua kitambaa chako. Walikufanya uache kucheza."

"Kanisa?" Akanishangaa. "Kanisa walinirudishia hiyo kitambaa hata Krismasi haijafika. Mchungaji mwenyewe alikuja hapa tukakunywa chai."

"Sasa mbona uliacha?"

Alimfukuza kuku mmoja. Halafu akasema, bila hasira, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni: "Hiyo Jumapili mlienda kwa mwalimu, na mimi nilikuwa nataka kuiona. Ningeingia aje, na wazee wananichunga? Nikazunguka nyuma, nikasimama kwa dirisha. Hata sikuona kitu, vichwa zenu zilikuwa zimejaa. Lakini nilisikia. Ukasema huyo si mama yako. Nikasema basi, kama inaaibisha mtoto, wacha ikae."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewabebesha watu wengine kesi yangu.

Nilitaka kuomba msamaha, nikabaki nikichezea punje za mahindi. Nyimbo zote za wakati ule zimerudi, unaona, ziko ndani ya simu, hata zile tulizodhani zimepotea na kaseti. Daftari langu halina kazi tena, na hakuna anayezungusha antena, na hayo sina haja ya kuyalilia. Lakini mama sasa ana magoti mabaya, na bega la kulia halipandi hata kufikia kamba ya nguo. Kucheza kwake kote, kwa miaka yote ambayo angecheza, kumebaki katika sekunde sita, na aliyekatisha kucheza huko ni mimi.

Akanirudishia simu. "Weka tena."

Nikaweka. Mara hii hakuwatazama wengine. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo, na ilipofika pale mwanamke wa kitambaa cheupe anapogeuka, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Lakini si nilikuwa nacheza vizuri?"

"Ulikuwa unawashinda wote, mama. Wote."

"Si ungeniambia hiyo siku," akasema, macho yakiwa bado kwenye simu.