Vitanzi vya Gertruda

Gertruda alikuwa na mkono wa kushoto usiokunja vidole. Gumba na cha shahada vilikuwa salama, lakini vile vitatu vya mwisho vilikakamaa tangu alipoungua utotoni, siku watekaji walipotia moto kijiji chao kule Uzigua. Kwa mkono huohuo alijifunza kulima, kutwanga na kusuka nywele za wenzake, na watu wa misheni ya Bagamoyo, waliomlea baada ya kukombolewa utumwani, walikuwa wameshaacha kuutazama. Hata yeye aliukumbuka pale tu mtu alipomwambia, "Acha, nitakufanyia."

Maneno kama hayo ndiyo aliyoambiwa na Mama Klementina, mtawa aliyewafundisha wasichana kufuma, siku Gertruda alipomwendea barazani na mimba yake changa.

"Nitakufumia kofia ya mtoto mimi mwenyewe," mtawa alisema. "Kazi hii inataka vidole vyote."

"Ahsante, Mama. Lakini nataka kujifunza."

Mtawa alijua sababu. Mwaka uliotangulia, mvua za masika zikiwa zimekaza, Gertruda alijifungua kabla ya wakati wake. Mtoto alikuwa mdogo mno, na baridi ikamwingia. Kofia ya sufu aliyofumiwa ilifika akina mama wakiwa tayari wanamwosha kwa maziko. Walimvika hivyohivyo. Tangu hapo Gertruda alikuwa na neno moja kichwani: safari hii kofia itamngoja mtoto.

"Haya, kaa hapa," Mama Klementina akasema.

Akampa sufu iliyofumuliwa kutoka soksi kuukuu, na sindano moja ndefu. Akamwonyesha namna ya kuweka vitanzi vya mwanzo: uzi unazungushwa kwenye gumba la kushoto, ncha ya sindano inapita chini yake, sehemu ya pili ya uzi inarushwa juu ya sindano, kisha gumba linachomoka na kitanzi kinakaa. Mikononi mwa mtawa vitanzi vilijipanga kama shanga. Mikononi mwa Gertruda uzi ulilegea, kwa kuwa vidole vilivyopaswa kuubana kwenye kiganja havikubanika. Kila alipovuta kitanzi kipya, vya nyuma vilifunguka na kuteleza.

Mchana kutwa hakupata hata kitanzi kimoja cha kueleweka. Wasichana wadogo waliokuwa kando yake walikuwa wameshamaliza safu nzimanzima. Mmoja alicheka, kisha akaona haya. Gertruda aliizungusha sufu yake kuwa donge, akaaga, akarudi nyumbani nayo.

Mumewe Hieronimo, aliyekuwa akifanya kazi ya useremala hapohapo misheni, alimkuta mlangoni akiupiga uzi mafundo.

"Pumzika kidogo, mke wangu."

"Nikipumzika, nani ataweka vitanzi?"

Kesho yake Hieronimo alimletea sindano mbili alizochonga kwa mpingo, laini kuliko zile za mtawa, akaziweka kwenye mkeka.

Jibu la uzi kulegea lilitoka mtaa wa Dunda. Gertruda alikwenda huko kwa Bi Ashura, mama mmoja msuka mikeka, kununua jamvi.

"Shikamoo, Bi Ashura."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, miguu yangu imefungwa."

Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, na mwanzo wa ukili, ule ukanda wa minyaa unaoshonwa kuwa mkeka, ameubana baina ya gumba la mguu na kidole kinachofuata, ili mikono yote miwili ibaki huru kusuka. Gertruda alisahau jamvi. Aliutazama ule mguu mpaka Bi Ashura akauliza kama una kidonda.

"Hauna, bibi. Nauonea wivu."

Alifika nyumbani akihema, akakaa kwenye mkeka, akaubana uzi baina ya vidole vya mguu. Ukakaza. Akauzungusha kwenye gumba la mkono, akapitisha sindano, akavuta. Kitanzi kikakaa! Alipohitaji uzi zaidi, alilegeza mguu kidogo, kisha akabana tena. Vitanzi vikaongezeka hadi vikaijaza sindano.

Alipompelekea Mama Klementina, mtawa alijaribu kuingiza sindano ya pili ili aanze safu. Haikupita. Vitanzi vilikuwa vimebana kama gundi.

"Umevikaza mno, Gertruda. Itabidi kufumua."

Machozi yalimlenga, lakini aliuvuta uzi mwenyewe, kazi yote ikaisha mikononi mwake. Kisha akanyoosha miguu palepale barazani, mbele ya kila mtu, akabana uzi. Mtawa alitaka kusema neno juu ya mguu ule wazi, akaghairi. Badala yake alichukua sindano zote mbili za mpingo akaziunganisha.

"Weka vitanzi juu ya zote mbili pamoja. Ukimaliza, chomoa moja. Vitapata nafasi ya kupumua."

Gertruda akaweka, polepole, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo. Akachomoa sindano moja. Ile aliyoichomoa ikaingia kwenye vitanzi bila ubishi, na safu ya kwanza ikaanza.

Kofia ilikamilika mapema. Upande mmoja ulipinda, na ukingo wake ulikuwa na tundu ambalo hakuliziba. Mtoto wa kike alizaliwa kwa wakati wake, mzima, wakati wa kaskazi, joto limeshika, sufu haivaliki. Gertruda akamvika hivyohivyo. Mtoto akatoka jasho na kulia kwa sauti nene, na mama yake, akiwa bado hajaweza kusimama, akacheka mpaka mkunga akamsihi anyamaze.

"Mvueni sasa," alisema. "Nilitaka tu nimwone nayo."