Kompyuta Isiyo na Sauti

Mwaka 1998 Onyiego, mwalimu wa hesabu kutoka Keroka, alikwenda dukani kwa Mehul mjini Kisii kuchagua vipuri vya kompyuta. Mkewe alijua ni ya kuchapa mitihani. Onyiego alitaka kuendesha magari ya mashindano kwenye skrini, jambo ambalo hakuona haja ya kulitangaza nyumbani.

"Mwalimu, pesa hii inatosha kadi moja," Mehul alisema. "Ya picha ama ya sauti?"

"Bila ya picha?"

"Gari litatembea kama ng'ombe wa maziwa."

"Na bila ya sauti?"

"Utasikia vidole vyako tu."

Onyiego alichukua ya picha.

Jumapili mkewe aliwanyamazisha wageni sebuleni. "Polepole, Baba Moraa anatunga mtihani."

Kwa jinsi vidole vilivyogonga, ulikuwa mtihani mgumu.