Njumu za Babu

Juzi nilirudi kisiwani kwetu, Baleni, kwenye matanga ya shangazi, nikapita nyuma ya nyumba, pale palipokuwa kiwanda cha babu. Pamepandwa mihogo. Nikachimbua kwa kidole cha mguu, nikakuta masizi bado yapo chini ya mchanga. Nikaona nikusimulie wewe, kwani hata nyumbani kwetu waliobaki wengi hawakumwona babu akifanya kazi.

Babu alikuwa mhunzi. Majembe na vifuo vya kufulia nazi ndivyo vilivyotulisha, lakini watu walimjua kwa njumu. Alichimba maua membamba juu ya chuma cha vitasa vya milango kwa tindo, akagongea humo uzi wa shaba, gonga gonga, mpaka ua likakaa ndani ya chuma kama limeota lenyewe.

Kifua kilipoanza kumbana, na wanawe wote, pamoja na baba yangu, walikuwa wameshaukimbia moto wa kiwandani, aliwaita wahunzi wenzake wa kisiwani awaonyeshe kazi hiyo ya njumu. "Sitaki nife nayo," alimwambia bibi. Bibi akapika mihogo kwa tui zito na pweza mkavu. Mimi nilishinda juu ya mbuzi nikikuna nazi, viganja vinawaka, masikio yapo kiwandani.

Walikaa wakimtazama. Alikamata kitasa kilichokwisha kugongewa shaba, akakishika juu ya makaa. Chuma kikawa manjano, kikawa kahawia, kikaingia rangi ya zambarau. "Sasa!" Akakitumbukiza kwenye mafuta ya nazi. Uani kote kukanukia. Kilipotoka, ua la shaba liling'aa juu ya chuma cha zambarau, na hata bibi aliacha mwiko.

"Rangi ikipita pale, inakuwa kijivu, imekufa," babu alisema. "Macho yenu ndiyo yatakayowaambia."

Walisifu, wakala, wakashiba. Mmoja akauliza, "Mzee, nani atanunua? Watu wanataka makufuli ya dukani." Babu akaanza kukusanya tindo zake. Wakaaga.

Alibaki mmoja tu, mhunzi wa Miburani ya hapo hapo kisiwani. Akaomba naye ajaribu. Chuma cha kwanza kikafa. Cha pili kikafa. Cha tatu akakitoa kwenye mafuta kikiwa zambarau tupu, na babu akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Amepata! Mama watoto, njoo uone, amepata!" Tangu hapo akawa anakuja kila Ijumaa baada ya swala, na babu alipofariki alirithi tindo zake.

Lakini lile swali la mwenzao lilikuwa la kweli. Wanunuzi hawakuja. Yule mhunzi wa Miburani akaenda Dar es Salaam kuchomelea mageti. Vitasa vya babu vilivyokuwa majumbani, watu waliviuza kwa wageni, kimoja kimoja.

Basi kwenye matanga ya shangazi nikamwona yule mhunzi anaingia, mkewe kamshika mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sauti ya nani hii?"

Nilijitaja, nikamketisha mkekani. Akaniambia miaka yote ile alichomelea bila miwani ya kukinga macho. "Naona weupe weupe tu. Rangi sizioni tena."

Nikamsihi anieleze kazi ile ya rangi kwa maneno, japo nibaki nayo kichwani. Alikunja uso, mikono ikaanza kwenda hewani kama imeshika koleo. "Unapasha... unangoja... unaona inageuka..." Mikono ikasimama. "Haisemeki, mwanangu. Babu yako alinionyesha. Mimi siwezi kumwonyesha mtu." Akajifunika uso kwa kanzu, akalia mbele za watu, na wengi wakadhani anamlilia shangazi.

Watoto wakanivuta nguo wakiuliza yule mzee ana nini. Nikawaambia anazililia njumu. "Njumu ndiyo nini?" Nikainuka, nikaingia chumba kwa chumba, nikafungua makabati, nikapapasa hata uvunguni. Nyumba nzima ya mhunzi, sikupata hata moja ya kuwaonyesha.