Haragi Nyekundu ya Nyumba Yangu

Muke wangu Furaha alikufa juu ya kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa, mbele ya kufika barabara. Wanaume ine walisimama, wakakishusha pole. Ilikuwa kolera. Na ile nyumba tulimotoka, mimi mwenyewe nilikuwa nimeionyesha kwa wakubwa kama iko mu hatari.

Nilianza kazi ya relais, ni kusema muntu wa kijiji anayepita nyumba kwa nyumba juu ya afya, mu kijiji chetu Kibabi, kule juu mulimani. Siku ya kwanza walitufundisha chombo ya watafiti, ni kusema njia yao ya kujua nyumba gani iko mu hatari ya kolera. Unachora ramani ya kijiji mu udongo. Kila nyumba unauliza: maji munachota wapi? Choo iko? Wakimbizi wangapi wanalala kwenu? Majibu yakiwa mabaya, unaweka punje ya haragi nyekundu juu ya ile nyumba. Yakiwa mazuri, nyeupe. Hata mimi niliyeishia mwaka ya tatu ya masomo ya primaire nilielewa.

Sisi tulichota mutoni, na tulipokea jamaa mbili za wakimbizi. Furaha akaniona naweka nyekundu kwetu.

— Eh, Papa Gentil! Unatutangaza wachafu mbele ya watu?

— Haragi haina ndugu, mama.

Akacheka, akanitupia ganda la muhindi.

Superviseur Bonane, mukubwa wetu wa kazi, akafika na pikipiki yake, akapiga foto ya ramani. "Kazi ya muzuri, Papa."

Lakini mu mukutano ya kupanga kazi ya mwezi, pale ramani njo ilipaswa kuongoza, dawa ya maji yote akaigawa mu vijiji vya kando ya barabara, mahali gari inafika. Nikasimama:

— Chef, nyekundu zote ziko kule juu.

— Papa, gari itapanda mulima sababu ya maharagi?

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, kwa kumuheshimu chef. Kile kicheko kinaniuma mpaka leo.

Miezi mitatu nilichora. Miezi mitatu alipiga foto. Kisha kolera.

Na mimi niliugua, nikapona. Nikarudisha jile, kile kizibao cha kazi, nikaacha. Wakimbizi walirudi kwao. Sasa napika maharagi ya kujaza mukono moja tu, yangu peke yangu, na nikiyachagua, vidole vinatenga nyekundu pembeni, vyenyewe.

Ninyi vijana munaoingia mu hii kazi, mujue chombo haikukosa. Bonane njo alikosa, na foto angali nayo mu telefone. Apande kwa miguu, njia ile ya kipoyi. Asimame ku kaburi ya Furaha, afungue ile foto, aweke kidole juu ya haragi ya nyumba yangu, na anijibu: aliiona ao hakuiona?