Mimi na mama mkwe wangu tulipopumua kwa mashine moja

Wakuu, shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wengine poleni na majukumu.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara nyingi. Leo nimerudi kwa sababu ya mada moja humu, kuna mtu kasema Corona haikufika vijijini, ilikuwa ya watu wa mjini na wazungu.

Sitaki kubishana naye. Nitaeleza tu yaliyonikuta. Sitaongeza chumvi, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Mimi ni fundi pikipiki na mkulima, naishi Nambis, wilaya ya Mbulu. Ni Mwiraqw. Mke wangu Paskalina ni Mbarbaig, kwao ni huko tambarare za Hanang. Ukishaacha mashamba ya Masakta nyuma unakutana na ng'ombe tu, mpaka macho yachoke.

Sasa kuna jambo inabidi mlijue kwanza, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini naandika.

Kwa familia yao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Sijui familia nyingine, nasema ya kwao. Mama akiniona nakuja anavuta shuka mpaka usoni. Nikisema shikamoo, naisema kwa mke wangu, yeye anaifikisha ndani, na marahaba inarudi kwa njia hiyo hiyo.

Mpaka siku naugua nilikuwa nimezaa na binti yake na sijawahi kuuona uso wa huyo mama wote. Wala sikuona kama ni tatizo. Ndiyo heshima yenyewe.

Haya, tuendelee.

Ilikuwa lile wimbi ambalo watu walikuwa hawalitaji jina lake. Mtu akifa mnaambiwa alipata changamoto ya upumuaji, mnainamisha vichwa, mnazika.

Tulipata simu kwamba mama anakohoa na hali chakula. Kaka zake Paskalina walikuwa wamehamisha ng'ombe mbali kutafuta malisho, hakuna mtu mzima wa kumwangalia. Tukapanda pikipiki, mimi na mke wangu, tukaenda. Mtoto wetu Neema tulimwacha kwa dada yangu.

Tulimkuta amekaa nje ukutani, anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Paskalina akachemsha majani ya mkaratusi, mchaichai na tangawizi, akamfunika blanketi, akamfukiza. Na mimi nikafukizwa upande wa pili wa nyumba, maana tayari nilikuwa nasikia baridi na viungo vinauma. Nikasema ni uchovu wa safari.

Kesho yake asubuhi nikafungua tenki la pikipiki kuangalia mafuta. Nikainama. Sikusikia harufu.

Nikachovya kidole nikaweka puani. Ni kama nimeshika maji.

Wakuu, mimi petroli naijua kuliko harufu ya chakula cha kwetu. Nilisimama pale na kile kidole puani, nikaogopa kweli kweli. Siyo ile hofu ya kushtuka. Ni ile ya kuona kitu kimeingia mwilini mwako na kuzima taa moja bila kukuuliza.

Jioni yake nilikuwa siwezi kutembea toka nyumbani mpaka zizini bila kukaa chini njiani. Paskalina akatafuta gari, Noah ya kukodi, tukaondoka siku iliyofuata kwenda hospitali ya Haydom, mimi na mama wote wagonjwa.

Ndani ya gari mama alikaa nyuma kabisa na shuka usoni, mimi mbele kwa dereva, mke wangu katikati kama ukuta. Njia nzima tunapokezana kukohoa, yeye akianza mimi namalizia. Lakini hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Pale hospitali walitupima kwa kile kidude cha kubana kidole. Nesi akaangalia cha mama, akaangalia changu, akaanza kutembea haraka.

Ninyi mnajua Haydom, wagonjwa wanashuka na mabasi kutoka kila upande. Siku hizo ndiyo usiseme. Nesi akatueleza kwa upole kwamba mashine za oksijeni zimebanwa, imebaki moja yenye matundu mawili, kwa hiyo tutalala chumba kimoja na kutumia hiyo hiyo. Kati yetu wataweka pazia.

Paskalina akajaribu kumweleza yule nesi kwamba hawa ni mkwe na mama mkwe. Nesi akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada, naelewa. Lakini hewa haina mahali pengine."

Mke wangu akabaki nje. Wenye wagonjwa walikuwa hawaruhusiwi kuingia, alikuwa analeta uji mlangoni.

Basi ndivyo nilivyojikuta nimelala, mashine inanguruma pembeni, mrija mmoja unakuja puani kwangu na wa pili unapita chini ya pazia kwenda kwa mtu ambaye sijawahi kuongea naye.

Kitanda cha dirishani, upande wangu wa pili, alikuwepo mwalimu mstaafu mwenye mtungi wake wa oksijeni. Mzee mcheshi sana. Kila akipata pumzi anatusalimia kama darasa. Ananiuliza, kijana, umeamkaje, na kabla sijamjibu anasema usijibu, tunza hewa.

Asubuhi moja nikasikia upande wa pili wa pazia kitu kimeanguka. Halafu mama akawa anakoroma vibaya, ile sauti ya mtu anatafuta hewa haipati.

Nikaita nesi. Sauti haikutoka. Nikaita tena, haikutoka.

Nikavuta pazia.

Mama alikuwa amevua mrija. Baadaye alisema ulikuwa unamuunguza pua, alidhani ndio unaomuumiza. Mrija umelala sakafuni. Shuka imemtoka. Ndiyo siku ya kwanza nauona uso wake, na ulikuwa wa rangi ya majivu.

Sikuwaza mila, wakuu, nisiwadanganye. Niliwaza kwamba huyu ni bibi yake Neema na anakufa mbele yangu. Nikavua wa kwangu maana usingefika, nikashuka kitandani. Kutoka kitanda kimoja mpaka kingine ni hapo hapo tu, lakini nilifika nimeshika godoro, macho yameingia giza. Nikauokota, nikaufuta kwa shati langu, nikamshika kichwa, nikamvalisha.

Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Naomba usiutoe."

Aliniangalia. 

"Marahaba, Baba Neema."

Nesi alitukuta hivyo, mimi nimekaa sakafuni nimeegemea kitanda cha mama mkwe, siwezi kuinuka. Alinirudisha kwangu akanivalisha mrija, akataka kulirudisha pazia. Mama akainua mkono, akamwambia aliache wazi.

Toka siku hiyo tukawa tunaangaliana. Hatukuongea mengi, hewa yenyewe ya kuongelea haikuwepo. Kiswahili chake ni cha kujifunzia mnadani, na mimi Kibarbaig sijui zaidi ya salamu. Alikuwa akiona nimesinzia sana anagonga chuma cha kitanda kwa bangili zake za shaba. Mimi nikiona mkono wake unakwenda puani namwita, mama, anaushusha.

Yeye akaanza kupata nafuu. Mimi nikawa nashuka.

Hiyo ndiyo sehemu inayonishangaza mpaka leo. Mama mtu mzima, mwembamba, na mimi nafungua injini kwa mikono. Nilidhani nguvu ndiyo inayopumua. Wakanitoa kwenye mashine tuliyokuwa tunatumia wote wakaniwekea mtungi, wakaniambia nilale kifudifudi. Daktari alipita, akaangalia kidude cha kidole, akaandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Halafu mwalimu akafariki.

Alitusalimia asubuhi kama kawaida. Mchana alinyamaza. Wakaja na pazia, baadaye wakaja na kitanda cha magurudumu. Jua lilikuwa linawaka pale dirishani kwenye godoro tupu.

Wakuu, pale mimi nilikata tamaa. Nilihisi usingizi mtamu sana. Siyo maumivu. Ni kama mtu amekuwekea mto laini anakwambia lala, kazi imeisha. Ningeweza kuulalia.

Nikasikia bangili. Sikufungua macho. Bangili tena.

Halafu nikasikia miguu inaburuzwa. Mama alikuwa ametoka kitandani kwake, amevuta mrija wake mpaka ulipofikia mwisho, amekaa sakafuni karibu na kichwa changu.

Akaniambia, "Usilale. Ng'ombe zinarudi. Wewe simama mlango ya boma. Mimi nataja, wewe sema imeingia."

Sikuelewa. Akaanza tu.

Nyekundu, pembe moja imeshuka. Akangoja. Nikavuta hewa, nikasema imeingia.

Nyeupe, ina doa jichoni. Imeingia.

Ile mama yake aliliwa na simba. Imeingia.

Mke wangu aliniambia baadaye kwamba zile zilikuwa ng'ombe za kweli. Nyingine zilikufa zamani, nyingine za baba yake mama, za utoto wake, na alikuwa anazijua zote kwa rangi, kwa pembe na kwa mama zao. Mimi pale sikuwa najua hilo. Nilikuwa naziona tu. Naona vumbi, naona migongo inapita, jua linapiga kwenye pembe, na kila inayopita lazima nivute hewa niseme neno moja. Nikichelewa ananiambia hiyo imesimama mlangoni, inazuia wenzake. Navuta tena.

Sijui tulikwenda mpaka ngapi. Sijui ilichukua muda gani. Nilipofungua macho jua lilikuwa limehama kutoka kwenye kile kitanda cha mwalimu, na mama alikuwa bado anataja, sauti imemkauka.

Nesi alikuwa amesimama mlangoni na yale mavazi yao ya plastiki. Hakumfukuza. Alileta maji akampa, akanipima kidole, akasema namba imeacha kushuka.

Daktari alinieleza baadaye kwamba kulala kifudifudi kunasaidia mapafu, na kupumua kwa mpangilio kunasaidia. Naamini. Dawa walizonipa naziamini pia, na ule mtungi. Simwambii mtu aache hospitali aende kutaja ng'ombe. Tafadhali msije mkanielewa vibaya kwenye komenti.

Nasema tu kwamba pamoja na hayo yote, mimi nilikuwa naondoka, na kuna mtu alinizuia.

Siku ya mama kuruhusiwa nesi alimpa habari njema, akamwambia binti yako anakusubiri nje. Mama akajifunga shuka vizuri. Halafu akarudi akakaa kwenye kile kitanda chake.

Akamwambia nesi, "Bado moja iko nje."

Nesi hakuelewa, akaniangalia. Mimi nilielewa, nikageukia ukuta, nikalia kama mtoto. Walimwacha akae mpaka gari lilipopatikana.

Mimi nilitoka baada yake. Nilipofika nje nilikaa kwenye benchi na Paskalina. Upepo ulikuwa unapita. Nikafungua mdomo ukaingia wenyewe bila mashine wala mtungi. Nikatazama watu wanaopita pale getini wanacheka, wanakula mahindi, wanabishana na dereva, na kila mmoja kifua chake kinapanda na kushuka na hana habari. Nilishangaa sana. Bado nashangaa.

Kupona kulichukua muda mrefu. Kuna msimu mzima sikulima, dada yangu na mume wake walinilimia. Kupiga kiki pikipiki nilikuwa siwezi. Harufu ilirudi kidogo kidogo, na hata sasa kahawa inanukia kama kitu kilichoungua.

Mama yupo, anachunga mbuzi. Mara ya kwanza kwenda kumsalimia baada ya ugonjwa, aliniona kwa mbali, akavuta shuka usoni. Nikampa mke wangu shikamoo, ikaenda, marahaba ikarudi.

Mwanzo niliumia kidogo, nikasema baada ya yote yale tumerudi pale pale tulipoanzia. Sasa naona tofauti. Aliivunja heshima yake siku nilipohitaji, halafu akanirudishia ikiwa nzima, ili nisibaki namwona kama mgonjwa mwenzangu, bali kama mama mkwe. Sijawahi kumshukuru kwa mdomo. Sijui ningeanzia wapi.

Funzo langu ni dogo. Ukianza kubanwa kifua nenda hospitali mapema, kujifukiza kusikucheleweshe. Mimi na mama tulikaa nyumbani muda mrefu kuliko ilivyotakiwa.

Na la pili, wanaosema ugonjwa ule haukuwepo, mimi sina hasira nao. Lakini kuna mwalimu mmoja alitufundisha salamu mpaka asubuhi yake ya mwisho, na ndugu zake nafikiri wapo, labda hata humu wamo. Jina lake sikulishika, tulimwita mwalimu tu. Kama ulimpoteza baba kule Haydom siku zile, mzee wa kuchekesha, mstaafu, ujue hakukaa peke yake na hakuwa mnyonge. Alituuliza hali zetu sote.

Wakuu, waliolazwa kipindi kile nawaomba mje hapa. Msinieleze dawa mliyopewa. Nielezeni kitanda cha pili alilala nani, na leo yuko wapi.